Nyinginezo

Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa kadhi.
Nimeandika mirathi mpaka kidole kikaota sugu:
kabati moja, warithi saba;
samadari moja, ndugu wawili wasiosalimiana.
Na kadhi akishagawa kwa wino
mtu hutoka mlangoni na fungu lake
hana pa kuliweka.

Wazo sikulipata semina.
Nililipata pale kizingitini,
nilipomwona Lali Famau amekumbatia saa ya ukutani ya babake
kwenye jua la mchana,
akiuliza punda ni pesa ngapi mpaka Kandahari,
na chumba chake Kandahari
kina kitanda, jiko na watoto wanne.

Nikachukua kiinua mgongo changu,
nikakodi bohari kuukuu la mbata huko Langoni,
kuta za matumbawe, unene wa mkono mzima,
paa linavuja mahali patatu.
Mume wangu Shekuwe akauliza, kijiko hewani:
"Wakodisha nini hasa?"
Nafasi, nikasema.
"Nafasi ni hewa, Mwanahawa.
Nani anunue hewa, na upepo wa Lamu ni wa bure?"
Akacheka hadi chai ikampalia.

Hesabu nilizifanya nyuma ya kalenda.
Mabati, elfu thelathini na nane.
Mbao za kugawia vyumba kumi;
fundi Kazungu akakosea kipimo, vikawa tisa.
Makufuli tisa, yale mazito,
maana kufuli jepesi ni kumbishia mwizi hodi.
Chokaa. Dawa ya mchwa.
Paka mmoja, bure, alijileta.
Leseni niliifuata mara nne.
Kijana wa dirishani hakuniona kwenye orodha yake:
si duka, si hoteli, si nyumba ya wageni.
Mwishowe akaandika *nyinginezo*
nami nikalipa ada ya nyinginezo.

Miezi miwili hakuja mtu.
Nilifagia utupu asubuhi, nikaufunga jioni.
Paka alinona kwa panya; mimi nikakonda.

Kisha nyumba moja ya Mkomani ikauzwa,
ikafuata ya pili,
na punda wakaanza kugonga kwato mlangoni:
viti vya enzi miguu juu kama mbuzi wa kuchinjwa,
masinia, picha za harusi zimefungwa uso kwa uso,
zulia lililokunjwa na udi wa miaka mingi ndani yake.
Mwalimu aliyehamishiwa Garsen akaacha baiskeli.
Kijana aliyevunjiwa uchumba akaleta friji mpya,
nailoni haijatolewa,
akalipa mwaka mzima
akaniachia na ufunguo, asije akashawishika.

Shekuwe hakucheka tena. Alihesabu risiti.

Masharti niliyaandika kwa hati ya mahakamani:
hakuna petroli, hakuna papa mkavu,
hakuna chenye pumzi.
La sita: mpangaji haruhusiwi kukaa ndani.

Chumba namba nne ni cha Bi Swafia binti Aboud.
Hulipa tarehe mosi, noti zimefungwa pembeni mwa leso.
Kila Alhamisi baada ya alasiri huja,
hufungua, hujifungia.
Nilidhani anahesabu vyombo.
Siku moja nikasukuma mlango.

Samadari imetandikwa.
Kabati kulia, kiti cha marehemu kushoto,
buli na vikombe viwili juu ya sanduku,
kila kitu mahali pake pa nyumba ile iliyouzwa,
ila kuta zimesogea,
naye katikati, gizani, kavua ushungi
kama mtu aliye kwake.

Sharti la sita lilikuwa mdomoni mwangu.
Akasema bila kugeuka:
"Ndoo, ukeleti."

Nikakaa. Hatukusema kitu hadi adhana ya magharibi.

Usiku nikafungua daftari.
Mita mbili kwa tatu, elfu moja na mia mbili kwa mwezi.
Sikuona safu ya kuandika anachokodi yule mama.

Asubuhi nikamwita Kazungu aje na patasi.
"Dirisha?" akashangaa. "Mizigo haina macho, mama."
Toboa, nikamwambia, upande wa upepo.
Na gharama yake nikaiandika:
nyinginezo.